Kashata Zisizo na Karanga

*Baadhi ya shule zimeanza kuuliza kilichomo ndani ya kikopo cha mtoto. Jibu moja limo katika ufuta, alizeti na mbegu za maboga, ijapokuwa nazo zina masharti yake.*

Alasiri inapoelekea magharibi, na wazee wanapoanza kukusanyika barazani, muuza kahawa hutokea kwenye pembe ya mtaa, dele mkononi na makaa chini yake, akigonganisha vikombe kwa mdundo ambao kila mwana wa Pwani, awe wa Mombasa, Tanga, Unguja au Ilala, huutambua kabla hajamwona mwenyewe. Na pamoja na dele lipo sinia, na ndani ya sinia zimepangwa kashata za karanga zilizokatwa mshazari, zikimeremeta kwa sukari.

Watoto hawanywi kahawa, lakini kashata ni zao. Hufika na sarafu viganjani, wakasukumana, wakachagua kipande kilicho kikubwa, na shughuli ikaishia hapo, illa kwa yule mmoja aliyesimama nyuma, ambaye mamaye amemkataza asiguse. Naye hakukatazwa kwa ubahili, wala kwa kuhofia meno, bali kwa sababu siku alipotafuna karanga mbili tatu midomo ilimvimba, ngozi ikamtutumka vipele, na pumzi ikawa inapiga mluzi kifuani.

Mtoto wa namna hiyo ana mzio wa karanga. Walio kama yeye si wengi, walakini kila mmoja wao huleta nyumbani kwao, na darasani mwake, mas'ala ambayo wazee wetu hawakuyazungumza sana: ale nini huyu wenziwe wanapokula kashata, na ni nani wa kuthibitisha kwamba alichopewa hakikugusana na alichokatazwa?

Karanga iko kila mahali

Mwenye kudhani kwamba kuepuka karanga ni jambo jepesi na aingie katika jiko la Kiswahili kwa siku moja tu. Karanga hutwangwa zikatiwa katika kisamvu na mchicha; hukaangwa zikafungwa katika vijikaratasi na kuuzwa kwenye vituo vya mabasi; na korosho na lozi, ambazo si za ukoo mmoja na karanga lakini zaweza kuwadhuru baadhi ya watu kwa namna ileile, hupamba halua ya sikukuu.

Fauka ya hayo uko unga wa lishe. Mama anayemwachisha mwanawe ziwa hununua mfuko wa unga uliochanganywa mahindi, soya, ulezi na karanga, au hupeleka nafaka zake mwenyewe kwenye mashine ya mtaani. Na hata akiwa hakutia punje moja ya karanga, aliyemtangulia katika foleni huenda alisaga karanga tupu, na mabaki yake yangali yamegandamana ndani ya mashine yakimngoja mteja ajaye.

Kwa maelezo ya matabibu, mzio ni hali ya kinga ya mwili kuzipokea protini za chakula kana kwamba ni adui, na nguvu ya pambano haitegemei wingi wa chakula peke yake, maana kwa baadhi ya watoto chembe iliyobaki kwenye kisu yatosha. Dawa ya kwanza ya shambulio kali ni sindano ya adrenalini, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini ile kalamu ya sindano ambayo mzazi wa Ulaya huitia mkobani ni ghali, na katika maduka mengi ya dawa ya kwetu haipatikani. Kwa hiyo kinga iliyo karibu zaidi ni chakula chenyewe.

> *Kinga iliyo karibu zaidi na mzazi ni kujua, kwa yakini, kilichomo ndani ya chakula.*

Wanaokana na wanaoogopa

Kuna watu, na wengi wao ni wazee wenye heshima zao, wanaosema kwamba mzio wa karanga ni maradhi ya matajiri na ya watoto waliolelewa kwa kufunikwafunikwa. Kwamba wao walikula karanga tangu hawajaota meno, wakakua, wakazaa, na hawakumwona mtu aliyevimba midomo. Hoja hii imezoeleka kupuuzwa, nami nadhani haistahili kupuuzwa yote.

Mwaka 2000 jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani iliwashauri wazazi ambao watoto wao wamo katika hatari ya mzio wawanyime karanga hata watimize miaka 3, na ushauri huo ukaenea mbali, ukanukuliwa katika vitabu vya malezi. Mwaka 2008 jumuiya hiyohiyo iliuondoa, kwa kuwa ushahidi wa kuutetea haukupatikana. Na katika mwaka huohuo watafiti waliolinganisha watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza na wenzao wa Israel, watu wa nasaba moja kwa sehemu kubwa, walikuta kwamba mzio wa karanga ulikuwa kiasi cha mara 10 zaidi miongoni mwa wale wa Uingereza. Tofauti iliyojitokeza ni kwamba mtoto wa Israel huanza kuonja karanga angali mchanga, katika kitafunio laini kiitwacho Bamba, ilhali wa Uingereza alikuwa akikingwa nazo.

Uchunguzi uliomaliza ubishi ulitolewa mwezi wa Februari 2015, chini ya uongozi wa Profesa Gideon Lack wa King's College London. Watoto 640, wa umri wa miezi 4 hadi 11, wote wakiwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai, waligawanywa makundi mawili, moja likila chakula chenye karanga kila juma na la pili likijiepusha nazo kabisa. Walipotimiza miaka 5, miongoni mwa wale ambao ngozi yao haikuonyesha dalili za mzio tangu mwanzo, asilimia 13.7 ya waliojiepusha walikuwa wamepata mzio wa karanga, na kwa waliokula ni asilimia 1.9 tu.

Basi wazee wana nusu ya haki. Kula karanga mapema, zikiwa zimesagwa laini na kuchanganywa katika uji, kwaonekana ni kinga kwa walio wengi, na mzazi ambaye mwanawe hana dalili yoyote hana sababu ya kuzifukuza karanga nyumbani kwake kwa kuwa amesikia jirani amefanya hivyo. Nusu wanayoikosa ni hii: mtoto ambaye mzio umekwisha kumshika hatibiwi kwa kuambiwa kwamba babu yake hakuwa nao, na kumlazimisha aonje ili azoee ni kumtia katika hatari ya mauti.

Lango la shule

Baadhi ya shule za binafsi za mijini, hususa zinazofuata mitaala ya kigeni, zimekwisha kupiga karanga marufuku. Wazazi wa watoto wenye mzio wanashukuru. Wengine wananung'unika, na manung'uniko yao yana uzito, kwa kuwa karanga ni miongoni mwa vyakula vya bei nafuu vyenye protini nyingi, kiasi cha gramu 25 katika kila gramu 100, na mzazi mwenye kipato kidogo ambaye amezoea kumfungia mwanawe kifuko cha karanga hataweza kesho kumnunulia mbegu za maboga zilizokwisha kumenywa, ambazo dukani huuzwa kwa bei ya kitu cha anasa.

Kwa rai yangu, marufuku ya shule nzima, kwa watoto wakubwa wanaojua kukataa wanachopewa, yaleta kiburi cha usalama pasipo usalama. Lakini katika darasa la watoto wadogo, ambao hubadilishana vitafunio na kuramba vidole vya wenzao, kuziacha karanga nyumbani ni adabu ya ujirani isiyohitaji sheria. Na liko jambo moja ambalo shule nyingi hulisahau: mikono iliyoshika karanga sharti ioshwe kwa maji na sabuni, maana yale majimaji ya kuua vijidudu yaliyojaa milangoni tangu siku za korona hayaziondoi protini za karanga.

Ufuta ulikuwako kwanza

Mtu akisikia kwamba kitafunio cha mbegu ni mbadala wa karanga aweza kudhani kwamba ni uzushi wa juzi uliotoka katika maduka makubwa, pamoja na vile vichupa vya chia ambavyo, kwa kweli, sioni kwa nini mtu wa Lindi avinunue. Karanga ndiyo iliyokuja nyuma. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Afrika iliifahamu baada ya Wareno kuanza kusafiri huku na huko. Ilhali ufuta ni zao la kale la Bara Hindi na nchi za Waarabu, na Pwani yetu iliujua, ikaukamua na kuula.

Katika karne ya 19 ufuta wa Lamu na wa mwambao ulikuwa bidhaa kubwa, na Wafaransa waliufuata hadi Unguja ili kuupeleka Marseille kukamuliwa mafuta. Hapa kwetu mafuta hayo yalikamuliwa kwa vinu vikubwa vilivyozungushwa na ngamia, mnyama amefunikwa macho, akizunguka tangu asubuhi katika chumba kidogo chenye giza. Na picha za vinu hivyo, vya Unguja na vya Mombasa, zingali zipo.

Leo ufuta wa Tanzania hutoka kwa wingi katika mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara, ukauzwa minadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na sehemu kubwa yake hupakiwa melini kwenda Asia. Alizeti ni ya Singida, Dodoma na majirani zao, nayo takriban yote huishia kuwa mafuta. Uganda ya kaskazini husaga simsim, ndio ufuta huohuo, kuwa rojo zito la kupikia mboga, na vidonge vya simsim na sukari huuzwa kandokando ya barabara. Mbegu za maboga ndizo zenye bahati mbaya: katika nyumba nyingi za mjini hukombwa pamoja na nyuzi zake na kutupwa, ingawa katika mikoa ya kusini wako bado akina mama wanaozitwanga na kuzitia katika mboga za majani pale ambapo wengine hutia karanga.

> *Karanga ndiyo iliyokuja nyuma; Pwani yetu ilikuwa ikiukamua ufuta kwa vinu vya ngamia.*

Na thamani yake si haba. Gramu 100 za kiini cha mbegu za maboga zina kiasi cha gramu 30 za protini, kuzidi karanga, pamoja na madini ya zinki na magnesi kwa wingi. Alizeti ina vitamini E nyingi kuliko takriban mbegu zote tunazokula. Ufuta ambao haukukobolewa una kalsi inayokaribia miligramu 1,000 katika gramu 100, illa sehemu kubwa ya kalsi hiyo imo katika ganda, imefungamana na asidi zinazozuia mwili usiipate yote. Kwa hiyo anayejigamba kwamba kijiko cha ufuta chashinda bilauri ya maziwa na apunguze sauti.

Mbegu nazo zina lawama

Hapa ndipo penye kuhitaji hadhari kubwa, kwani "isiyo na karanga" haina maana ya "isiyodhuru". Ufuta wenyewe huleta mzio, na mzio wake waweza kuwa mkali kama wa karanga. Umoja wa Ulaya umeuweka katika orodha yake ya vyakula 14 vya kutajwa wazi. Marekani iliuongeza katika orodha yake kwa sheria ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Uingereza ilibadili sheria ya vibandiko mwezi wa Oktoba 2021 baada ya kifo cha Natasha Ednan-Laperouse, msichana wa miaka 15, ambaye mwaka 2016 alikula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya donge, ufuta usioonekana kwa macho wala kuandikwa popote.

Sheria hiyo ya Marekani ilizaa kioja ambacho yafaa kisimuliwe. Baadhi ya waokaji, walipoona kwamba kusafisha mitambo hadi kusibaki chembe ya ufuta ni kazi yenye gharama, waliamua kuutia ufuta kidogo katika mikate ambayo hapo kwanza haikuwa nao, wakauandika kwenye kibandiko, na wakawa wametimiza sheria. Na watu wenye mzio, waliotungiwa sheria hiyo, wakapungukiwa mikate ya kununua.

Kwa hiyo mtoto aliyekwisha kuthibitika kuwa na mzio wa karanga asipewe ufuta kwa mara ya kwanza darasani au safarini. Tabibu aulizwe, na ikiwa kuna shaka, kuna alizeti na maboga, ambazo mzio wake ni nadra zaidi ingawa upo. Nazi, ambayo wengi huiogopa kwa jina lake tu, ni nadra kuleta mzio, na mwezi wa Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa katika orodha ya jamii ya korosho na lozi, mahali ambapo haikupasa kuwapo. Kashata za nazi, basi, zimerudishiwa heshima yake.

Lawama ya pili ni sumukuvu, ile sumu itokayo katika ukungu wa nafaka na mbegu zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliwatia maradhini watu 317 na kuwaua 125 kati yao. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipatwa na msiba wa namna hiyo. Karanga na mahindi ndiyo maskani yake makuu, na hiyo ni hoja nyingine ya wanaopenda mbegu. Walakini watafiti wameikuta pia katika alizeti ya Tanzania, hivyo hapana mbegu inayopewa cheti cha utakatifu. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya kuvunda hutupwa, na wala kuikaanga hakuondoi sumu yake yote.

La tatu ni dogo ila huua upesi: mbegu nzima, kama karanga nzima, zaweza kumpalia mtoto mdogo na kuziba njia ya pumzi. Walio chini ya miaka 5 hupewa zilizotwangwa.

Jikoni

Sasa tuingie jikoni, na kazi ya kwanza ya jikoni si kupika, ni kutenga vyombo. Kinu cha mti kilichotwangiwa karanga miaka kadhaa kimekunywa mafuta yake, na kukisugua kwa majivu hakutoshi. Ama upatikane kinu kingine kidogo, au mashine ya kusagia ya nyumbani isiyowahi kuona karanga. Kadhalika ungo, mwiko na kibao. Kikaango cha chuma huoshwa kwa sabuni na maji moto. Mbegu zenyewe zisinunuliwe kwa yule muuzaji anayetumia kikombe kimoja kupimia ufuta na karanga, na sokoni wauzaji wa namna hiyo ndio wengi. Ni bora kununua magunia yanapofunguliwa, au kilo nzima iliyofungwa.

Ufuta wa sokoni huwa na mchanga. Mimina maji mengi katika bakuli pana, utie ufuta, koroga kwa mkono, kisha uuache kidogo: ufuta hupanda juu, mchanga ukazama, nawe huuengua kwa chujio dogo kutoka juu bila kuyatibua maji. Rudia hata chini ya bakuli pasisikike mkwaruzo kwenye kidole. Kisha uanikwe juani katika ungo, ukitandazwa mwembamba, mpaka ukauke kabisa.

Mbegu za maboga huoshwa mara tu zitokapo ndani ya boga, nyuzi zikatolewa, zikaanikwa siku mbili au tatu za jua kali. Zikikauka, hupondwa kwa wepesi katika kinu, si kwa nguvu ya kutwangia mpunga, kisha hupepetwa. Maganda huruka na viini vya kijani hubaki, ingawa vingine huvunjika na havifai kusikitikiwa. Mwenye haraka na azikaange pamoja na maganda yake na kuzila kwa kupasua kwa meno, jambo ambalo wazee wa barazani hulifanya kwa ustadi usioigika.

Kwa kashata yenyewe, chukua ufuta gramu 150, viini vya alizeti gramu 75, na viini vya maboga gramu 75. Kila aina ikaangwe peke yake, pasipo mafuta, kwa moto wa wastani, maana ufuta huiva kwa dakika chache na maboga hukawia. Ufuta ukianza kurukaruka kikaangoni na harufu yake ikajaa jikoni, uepue papo hapo. Dakika moja zaidi na utakuwa mchungu. Maboga huvimba na kutoa mlio mdogo yakiwa tayari.

Kashata za kawaida mara nyingi huchukua sukari sawa kwa sawa na karanga. Hapa twatia nusu: sukari guru gramu 150, vijiko viwili vya maji, iliki iliyotwangwa, tangawizi mbichi kidogo iliyokunwa, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Vichemshwe pamoja hata shira itoke mapovu mazito, na ujaribu kwa kudondosha tone katika maji baridi: likigandamana kuwa kidonge kigumu kidogo, mbegu ziingie zote kwa mara moja, zikorogwe kwa nguvu, kisha zimiminwe katika sinia lililopakwa mafuta.

Kwa kuwa shira ni chache, siri imo katika kukandamiza. Tumia mpini wa kusukumia chapati uliopakwa mafuta, ukandamize kwa uzito wa mwili wako mpaka pasibaki mwanya, na ukate mshazari vipande 24 kungali na moto, kwa sababu zikipoa huvunjika ovyo. Kipande kimoja kitakuwa na kiasi cha gramu 6 za sukari, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linapendekeza sukari ya kuongezwa isifikie sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana ipungue hadi nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni vijiko 6 hivi. Kwa hiyo kipande kimoja kina nafasi yake katika siku ya mtoto, ila sahani nzima haina.

> *Shira ikiwa chache, siri imo katika kukandamiza.*

Asiyetaka sukari ya kupikwa na achukue tende laini gramu 200, azitoe kokwa, azitwange pamoja na mbegu zilizokaangwa za uzito uleule, atie iliki na maji ya ndimu kidogo, kisha afinyange vidonge vya kadiri ya ndimu ndogo na kuviviringisha katika ufuta au, kwa mwenye kuuepuka, katika nazi kavu iliyokunwa. Tende nayo ni sukari, tusidanganyane, ijapokuwa imekuja na nyuzi zake. Asali pia yafaa, lakini kamwe isipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Na kwa wasiopenda utamu, loweka alizeti na maboga kwa saa moja katika maji ya chumvi, pilipili ya unga na ndimu, uchuje, uanike hata zikauke, kisha uzikaange kwa moto mdogo. Hizi ndizo ambazo nimeona watu wazima wakiziiba kwenye kikopo cha mtoto.

Zote hizi zihifadhiwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko, mahali penye giza, na zisipikwe nyingi kupita mahitaji ya juma moja au mawili, maana mafuta ya mbegu huharibika upesi kwa joto letu la Pwani, na mbegu iliyoharibika huwasha kooni kabla haijanuka puani. Wanaopika kwa ajili ya kuuza wana dhima zaidi: waandike kila kilichomo, ufuta ukiwamo, na kama jikoni mwao hupikwa karanga siku nyingine, waliseme hilo waziwazi kwa mnunuzi. Kwa Tanzania, shughuli za usalama wa chakula zimekuwa chini ya Shirika la Viwango tangu mwaka 2019, na huko ndiko mjasiriamali aendako kuuliza masharti ya kibandiko.

Limebaki jambo moja la kuwaonya wanaotaka kuziendeleza mbegu hizi hadi kwenye biskuti. Alizeti ina asidi iitwayo klorojeniki, ambayo ikikutana na magadi au beking soda ndani ya unga hugeuka rangi, na biskuti iliyotoka jikoni ikiwa ya kahawia nzuri huonekana, baada ya kupoa, kuwa ya kijani kibichi ndani yake kana kwamba imeota ukungu. Haikuota ukungu, wala haidhuru, na ladha yake haikubadilika. Punguza beking soda, utie kijiko cha maji ya ndimu katika donge, na rangi itatulia. Au uziache zilivyo na uwaambie watoto kwamba ni za Idi.